Mkono Kwenye Boneti

Sabina alizikwa Buswelu siku ya Alhamisi. Basi letu lilichelewa Shinyanga, na nilipofika udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wanarudi nyumbani kwa makundi. Nilikaa msibani siku tatu, nikilala sebuleni pamoja na wanawake nisiowajua, nikila nao wali na maharage kwenye sinia moja. Kila aliyeniuliza nilimjuaje marehemu nilimjibu kwamba tulifanya biashara pamoja ujanani. Biashara gani? Tulitengeneza nta ya kung'arishia magari. Walitabasamu kwa adabu ya msibani, wakadhani natania ili kupunguza uzito wa siku. Wala sikuwa natania. Tuliifanya kazi hiyo kwa miezi kumi hivi, katikati ya miaka ya tisini, kwenye chumba kimoja kilichoegemea mwamba upande wa Ilemela, na mambo yaliyotokea mle sijawahi kuyasimulia yote kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu. Sabina peke yake ndiye aliyeyajua, na Sabina ndiye huyo tumemzika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi na Sabina tulipunguzwa kazini siku moja, kwenye shirika moja la umma lililoshughulika na pamba. Mimi nilikuwa mpiga chapa, yeye alikuwa maabara, akipima mafuta ya mbegu za pamba. Tulipewa barua zinazofanana, na ya kwake nilikuwa nimeipiga mimi mwenyewe bila kujua kwamba yangu inapigwa chumba cha pili. Mji ulikuwa unabadilika mbele ya macho yetu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, na watu waliokuwa juzi wanaendesha baiskeli sasa walikuwa na magari yaliyotoka Dubai, yenye rangi iliyoiva kama tunda. Jua na vumbi la Mwanza vilikuwa vinazipausha rangi zile ndani ya miezi michache, na dawa ya kung'arishia iliyouzwa madukani ilitoka Nairobi kwa bei ya kutisha. Sabina ndiye aliyesema, "Leokadia, hii ni nta na mafuta tu. Hakuna kingine mle ndani." Alilinusa lile kopo la dukani kama mtu anavyonusa mchuzi, akarudia: nta na mafuta tu.

Chumba tulipangisha kwa Bibi Minza, mjane wa Kisukuma aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa kwa kuegemezwa jabali kubwa. Wenyeji wa Mwanza hawaoni ajabu kwa hilo, lakini mimi sikuwahi kulala kwenye chumba ambacho ukuta mmoja ni jiwe la Mungu. Mchana jabali lilinyonya joto, na jua likishuka lilianza kulia, tak, kimya kirefu, tak, kama mtu anayegonga kwa kucha akiwa upande wa ndani. Kati ya jiwe na ukuta wa tofali palikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili ambao hakuna fundi aliyeweza kuuziba. Kwenye ufa huo sauti zilipita. Asubuhi na mapema nilikuwa nikimsikia Bibi akizungumza kwa Kisukuma na mtu, taratibu, akiuliza na kusubiri jibu, akicheka kidogo. Kisha maziwa yalimwagwa chini, tone kwa tone. Siku ya kwanza nilipotoka kumwamkia nilitazama mlangoni kwake kumwona mgeni. Hapakuwa na mtu. "Unamtafuta nani, mjukuu wangu?" akaniuliza. Nikamwambia nilisikia mazungumzo. "Ni babu yako," akasema, akimaanisha mumewe aliyekufa miaka mingi nyuma, "huwa anapenda kujua nani amelala kwake." Akanikaribisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na kusagwa na karanga. Nilikula, na ilikuwa tamu, nikiwa nimeupa mgongo ule ufa.

Nta ya nyuki tuliletewa na wanaume waliovuka na kivuko kutoka Busisi, ikiwa kwenye madonge meusi yenye miguu na mabawa ya nyuki ndani yake. Tuliichemsha kwenye maji, tukaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ikawa ya manjano safi, kisha tukaiyeyusha upya, safari hii sufuria ndogo ikielea ndani ya sufuria kubwa ya maji, maana nta ukiiweka juu ya moto wenyewe inashika moto. Kikombe kimoja cha nta kwa vikombe vitatu vya mafuta ya nyonyo, na majani ya mchaichai kwa ajili ya harufu. Sabina alidondosha tone kwenye jabali na kulikwaruza kwa ukucha. Likikatika kama sabuni, imeiva. Mkaa ulitushinda kununua, kwa hiyo tulitumia mafiga ya Bibi na kuni, mara nyingi kuni mbichi, na moshi ulifuata jabali, ukaingia kwenye ufa, ukajaa chumbani kwake. Hakulalamika. Alikaa humo akichambua mboga za mgagani, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Jioni tulikula pamoja, ugali wa mtama na mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki wazungu wakishapelekewa minofu, na Bibi alikuwa fundi wa kuvua nyama iliyojificha kwenye vichwa. Mwezi wa nne wa kazi yetu niliona kwamba macho yake yamekuwa mekundu na hayarudi kuwa meupe hata asubuhi. Niliona, nikanyamaza. Katika nchi ile, miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu hakuwa mtu wa kupita tu njiani. Kila mtu alijua vikongwe wa namna hiyo walivyokuwa wakiitwa wachawi na kuuawa vijijini. Mimi pia nilijua.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Kalisti, mnunuzi wa samaki, mtu mpole mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alikuwa na gari dogo la bluu na alitupa ahadi kwamba likimpendeza atatuletea na malori ya wenzake. Wiki ya kulifanya gari lake kwa mara ya tatu, mafuta ya nyonyo yaliadimika sokoni. Sabina alichukua mafuta ya mbegu za pamba. "Yana ubaya wake," aliniambia akiyakoroga. "Hayakauki vizuri. Yanaganda kama gundi." Nikamuuliza kwa nini basi tunayatumia. "Kwa sababu Kalisti anakuja kesho," akasema. Tukapaka, tukasugua kwa matambara ya fulana, gari likang'aa mpaka mawingu yakaonekana juu yake. Kalisti alilizunguka mara mbili, akaondoka anaendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Waliokaa kando ya ziwa wanavijua vile vijidudu vya majini, vidogo kuliko mbu, visivyouma, ambavyo huinuka ziwani mara kwa mara kama moshi wa moto usioonekana. Upepo ukivisukuma nchi kavu, hufunika kuta, miti na nguo zilizoanikwa. Siku tatu baada ya kazi yetu vilikuja. Asubuhi, jua limeshatoka, tulisikia gari likipanda taratibu kuja kwetu. Kalisti alishuka, hakusalimia. Akatuonyesha boneti kwa kidevu. Gari zima lilikuwa safi, upepo wa njiani ulikuwa umeshavipeperusha vijidudu vyote, isipokuwa mahali pamoja. Pale katikati ya boneti vilikuwa vimenata kwa maelfu, vingine bado vinatikisa mabawa, na vilikuwa vimechora mkono. Kiganja, na vidole vitano virefu vilivyotanuliwa, kama mtu aliyelizuia gari lisiende. Kwa sababu vilikuwa hai, mkono ulionekana kupumua.

"Hiki ni nini?" Kalisti akauliza.

Sabina akasema, "Ni vijidudu tu, kaka. Ngoja tufute."

Tulifuta. Siku mbili baadaye alirudi, na mkono ulikuwa palepale, mwembamba zaidi, lakini vidole vyote vikihesabika. Safari hiyo alisema pia kwamba mwanawe wa miaka minne alikuwa na homa tangu jana yake na hali chakula. Alilisema kwa sauti yake ile ndogo, akiangalia upande wa chumba cha Bibi, ambaye alikuwa ameketi kizingitini akipepeta mtama. Bibi aliinua uso kumwamkia. Niliona Kalisti alivyoyaona yale macho.

Tulipobaki wawili nilimwambia Sabina kwamba ule mkono ni wangu. Sikumbuki kuuweka pale. Hata leo nikifumba macho nikajaribu, sioni nikiinama juu ya boneti ile na kiganja chenye mafuta. Lakini nilikuwa nimepima kwa macho, na vidole vile vilikuwa vyangu, na kile cha mwisho kilichopinda kilikuwa changu. Ni mafuta ya pamba, nilisema. Niligusa nikiwa na mafuta matupu kabla ya nta, yakaganda chini yake, na sasa yanashika kila kinachotua. Twende tumwambie. Sabina aliendelea kuosha sufuria. "Tukisema ni mafuta yetu, biashara imekwisha," akajibu. "Tusiposema, mtoto atapona, vijidudu vitaondoka, litapita." Nilikubaliana naye. Sitaki kumbebesha marehemu peke yake. Nilikubali upesi, na nilifurahi kwamba yeye ndiye aliyelisema.

Halikupita. Bombani nilisikia wanawake wakizungumza wakiwa wamenipa mgongo. Mmoja alisema Kalisti alikwenda kwa mganga ng'ambo ya pili, na mganga amemwambia mkono ule ni wa mwanamke anayeishi katika moshi. Mwingine akasema, "Na anaongea na nani kila asubuhi?" Kisha wakaniona, wakaanza kuzungumzia bei ya sukari. Siku hizo jirani aliyekuwa akimletea Bibi maziwa aliacha kuja bila neno, na watoto waliokuwa wakicheza juu ya jabali letu wakahamia jingine. Utulivu uliingia pale nyumbani ambao sijauona tena mahali popote. Hata kuku hawakuja. Bibi aliendelea kuongea na mumewe, ila sasa kwenye ufa nilimsikia akinong'ona, na hakuwa akicheka.

Ndipo ilipokuja karatasi. Aliikuta asubuhi imesukumwa chini ya mlango, akaja nayo kwangu, akaketi kizingitini akivuta kanga yake vizuri kama mtu anayetaka kupigwa picha. "Nisomee balua hii, mjukuu wangu. Labda ni ya mwanangu wa Sengelema." Niliifungua. Ilikuwa na mistari miwili, kwa kalamu nyekundu: Wewe kizee wa moshi, mtoto akifa na wewe utamfuata. Ondoka. Niliisoma kimoyomoyo mara ya kwanza, na mara ya pili, na jabali lililokuwa mgongoni kwangu lilikuwa baridi. Kisha nilifungua mdomo na kumsomea jambo lingine. Nilimsomea kwamba balozi wa nyumba kumi anawaita wenye nyumba kwenye mkutano wa maji, Jumamosi, watu wafike mapema. Niliongeza hata salamu mwishoni. Bibi alisikiliza mpaka nikamaliza. Akaichukua karatasi, akaitazama akiwa ameishika juu chini, akaikunja mara nne. "Mkutano wa maji," akasema. "Na wameandika kwa wino mwekundu." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na siku ile hakupika.

Nilikwenda kwa Kalisti mchana huohuo, peke yangu, sikumwambia Sabina. Nyumba yake ilikuwa karibu na ufukwe. Gari lilikuwa uani, na mkono ulikuwa juu yake. Hakuna aliyethubutu kuliosha. Mtoto nilimwona kwanza. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akinywa uji, uso umekonda, lakini anakunywa. Walikuwa wamempeleka hospitali, ilikuwa malaria, akachomwa sindano. Alikuwa anapona tangu siku mbili nyuma, na bado ile karatasi ilikuwa imeandikwa. Nilimwambia Kalisti atazame. Nikaweka kiganja changu juu ya boneti. Vijidudu vilivyokauka vilivunjika chini ya ngozi yangu kama majani ya chai, na kila kidole kililala mahali pake.

"Ni wangu," nikasema. "Ni mafuta mabaya tuliyoyatumia. Bibi Minza hakuligusa gari lako hata siku moja."

Kalisti alirudi nyuma hatua moja. "Mkono kuenea si ushahidi, dada," akasema. "Mimi nitajuaje kwamba wewe si wake?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilisimama uani kwake, mkono bado umenata, nikaelewa jinsi inavyokuwa mtu akikutazama na kuona kitu kingine. Sabina ndiye aliyeniokoa. Alinifuata aliponikosa chumbani, akaingia getini akiwa na makopo mawili kwenye kapu, akayaweka chini, akaomba maji ya moto na sabuni kama aliyeitwa kazini. Alisugua boneti mpaka rangi ikabaki peke yake. Kisha mbele ya Kalisti alichovya kiganja chake kwenye mafuta ya pamba akakibandika upande wa kushoto, akaniambia nibandike changu kulia, akapaka nta juu yake na kusugua mpaka pasionekane kitu. "Ngoja vijidudu," akamwambia. "Vikija, utuite. Visipochora mikono miwili, fanya utakavyo na sisi."

Vilikuja baada ya siku tatu. Kalisti alituita asubuhi, na habari ilikuwa imetutangulia, uani palikuwa na watu kama thelathini wamesimama. Mikono ilikuwa miwili, mfupi wa Sabina na mrefu wangu, imepanuliwa sambamba, myeusi na inayotetemeka, kama mtu aliyelala chini ya gari anataka kutoka. Tulikuwa tumeitengeneza wenyewe, tulijua vipimo vyake, na hata hivyo nywele zilinisimama. Kalisti aliinama akaangalia kwa muda mrefu, akanusa. Akasema, "Nimeelewa." Akageuka kuwaeleza watu, akawaeleza vizuri kabisa, mafuta, gundi, vijidudu. Walimsikiliza. Nyuma yao mwanamke mmoja akamfunika mwanawe macho kwa kiganja na kusema taratibu, lakini nilimsikia, "Kumbe wako watatu."

Baada ya hapo hakuna aliyemgusa Bibi. Kalisti alikwenda kwa balozi na kwa wazee, akasema alikosea, na neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu ya samaki wake. Lakini hakuna aliyerudi kuleta maziwa pia. Bintiye Bibi alituma ujumbe kutoka Sengerema kwamba mama aje, na Kalisti, bila kuombwa, akasema atampeleka hadi ng'ambo. Niliketi naye kiti cha nyuma. Alikuwa na furushi moja na kibuyu. Kwenye kivuko tulishuka tukasimama kando ya gari, ukungu ulikuwa umefunika maji kiasi kwamba Busisi haikuonekana, na kwa muda fulani hakukuwa na ukingo upande wowote, mngurumo tu wa injini. Muuza mayai alikuja akatabasamu, akayaona macho ya Bibi, akapita. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Kwamba moshi ulikuwa wetu. Kwamba niliona macho yakibadilika. Kwamba hapakuwa na mkutano wa maji. Niliyapanga tangu tulipopanda kivuko pale Kigongo, na kila nilipofungua mdomo niliona nitaanza vibaya.

"Mtaendelea na nta yenu?" Bibi akaniuliza.

"Hapana, Bibi."

"Endeleeni," akasema. "Mna mikono mizuri."

Nikamwambia ahsante. Bintiye alikuwa anasubiri kule. Alimpokea furushi, akatushukuru kwa usafiri, na wakaondoka. Miezi miwili baadaye nilipata kazi Dodoma nikahama. Sabina alibaki, akajenga jiko la mkaa nje mbali na nyumba za watu, akaendelea na ile kazi mpaka alipoolewa. Tuliandikiana, baadaye tukapigiana simu, kwa miaka karibu thelathini, na katika miaka hiyo yote hatukumtaja Bibi Minza hata mara moja. Nilidhani ni aibu yetu sote wawili.

Siku ya tatu ya msiba, binti wa Sabina, Kabula, alikuja kuketi karibu nami tukiwa tunachambua mchele. Aliniita mamdogo, kama mama yake alivyomfundisha. Alisema, kwa namna ya kunifariji, kwamba mama yake alikuwa na moyo wa kukumbuka watu. Kwamba kulikuwa na bibi mmoja ng'ambo ya Busisi ambaye walikuwa wakimtembelea kila mwaka na sukari na kanga, mpaka alipofariki kwa uzee, na walimzika wao pamoja na wanawe.

"Mama yako alianza kwenda lini?" nikauliza.

"Alisema alikwenda mara ya kwanza mwezi uleule Bibi alipohama. Alimweleza mambo yote. Mafuta, na moshi wa kuni. Bibi akampa maziwa, akamwambia arudi."

Niliendelea kuchambua. Nikamuuliza kama Bibi aliwahi kuniulizia mimi. Kabula alitazama sinia lake.

"Mama alitaka kukuleta, mamdogo. Bibi ndiye aliyekataa. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Alisema Sabina alinyamaza, na kunyamaza ni woga, woga anaujua. Lakini yule mwingine, alisema, alinifanya mtoto mdogo kizingitini kwangu, na barua yangu mkononi mwake. Akasema usiambiwe alipo."

Nilimwomba anipeleke kesho yake kwenye kaburi. Hakukasirika. Alitikisa kichwa, akasema mama yake alikuwa ametoa ahadi na yeye hawezi kuivunja wiki ya kumzika. Nilimwambia nimeelewa. Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, nikaubeba kuupeleka jikoni, ambako wanawake walinipisha nafasi kwenye benchi na mmoja wao akaniuliza tena, nilimjuaje marehemu.